Nilivyomhamisha mzee bila kumhamisha

Nilianza vibaya. Jioni moja hapa Tanga nilikuwa nasikiliza megahezi 14.100, mahali pa vituo vya ishara, vile vinavyorusha milio tu ili tujue mawimbi yanafika wapi, mara sauti nzito ikafunika kila kitu. Nikaijua: mzee wetu mmoja wa Raskazone, fundi simu mstaafu, mwanaredio wa ridhaa, yaani anayezungumza na wenzake kwa redio kwa kupenda tu, tangu mimi niko shule. Nikamkatiza hewani. Mwingine, sijui wa wapi, naye akaanza kumpigia miluzi. Masafa yaliyozibwa na mtu mmoja sasa tukawa tunayaziba watatu.

Kesho yake nikampigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, leseni yangu inanipa 14.000 mpaka 14.350. Nionyeshe sheria niliyovunja."

Sikuwa nayo. Mpango wa masafa wa IARU, umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa, huu wa Kanda ya 1 tunaoufuata Afrika na Ulaya, ni makubaliano ya hiari. Hauna askari.

"Halafu nilikuwa 14.098," akaongeza, "siyo 14.100."

Hapo ndipo wengi tunanasa. Kwenye bendi hii sauti hukaa juu ya namba unayoisoma kwenye redio, upana wa karibu kilohezi 3. Ukisoma 14.098, umeshafika jirani na 14.101, na mpango umeacha 14.099 hadi 14.101 kwa vituo vya ishara peke yake. Viko 18 duniani, vinapokezana sekunde kumi kumi, mzunguko mzima dakika 3. Kila kimoja hutaja jina lake kwa Morse, kisha hutoa mlio mrefu mara nne: wa wati 100, wa 10, wa 1, na wa mwisho sehemu moja ya kumi ya wati. Mnong'ono huo utausikiaje jirani yako akiwa anahutubia kwa wati 100?

Haya yote sikumwambia. Mzee hapewi somo na kijana, tena kwa simu. Jumamosi nikaenda na kashata, nikamuuliza ile antena yake ya waya, iliyofungwa baina ya mnazi na mwembe, inasikia mpaka wapi. Akachangamka! Tukakaa na karatasi tunaandika. Sri Lanka ikaja. Cha Kenya, 5Z4B, kwa ujirani wake mawimbi yake yakaturuka juu yakaenda mbali, hatukukipata. Cha Afrika Kusini tulikifuata mpaka mlio wa tatu, wati 1 tu, mzee akamwita mkewe aje asikie. Bibi akatega sikio, akasema ni mbu huyo, akarudi jikoni.

Nikaaga. Habari ya 14.098 sikuigusa.

Wiki iliyofuata nikamsikia 14.180, anaongea kwa raha zake. Nikapiga simu kumsalimia tu, akaniwahi:

"Usidhani nimehama kwa ajili ya mpango wenu. Nilikuwa natafuta nafasi."