Ndivyo alivyo

Hakuna maneno yanayonichefua katika hospitali za Uingereza kama haya mawili: "Ndivyo alivyo." Kijana mwenye ulemavu wa akili anajipiga kichwa, anang'ata kiganja, amesusa chakula tangu juzi. Mlezi anasema hii si kawaida yake, daktari aliyechoka anajibu ndivyo alivyo. Kumbe jino limeoza, au sikio lina usaha. Nyumbani wangesema amerogwa. Pote pawili mgonjwa hajapimwa.

Kufunga choo msikudharau. Richard Handley, aliyekuwa na Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu wa akili), alikufa kwa hilo mwaka 2012, na miaka yake 33. Dawa nyingi za kutuliza akili hupunguza mwendo wa utumbo. Kinyesi kikiganda, cha majimaji hupenya pembeni. Nesi anaandika "anaharisha", dawa ya kulainisha choo inasimamishwa, tumbo linazidi kujaa. Wekeni daftari la choo: tarehe, kiasi, kilivyoonekana. Mkifika na daftari mnasikilizwa.

Sheria ipo, tena nzuri. Ile ya Usawa ya 2010 inailazimisha hospitali ibadili utaratibu wake kwa ajili ya mgonjwa kama huyu: miadi ya kwanza asubuhi, muda maradufu, chumba cha pembeni, mlezi kubaki naye usiku. Ila hakuna atakayekuletea hayo kwenye sinia. Piga simu mapema, uulizie nesi maalumu wa watu wenye ulemavu wa akili. Hospitali nyingi zinaye, lakini mara nyingi ni wa saa za ofisi. Ukiingia Ijumaa usiku utapambana mwenyewe. Kama ni kutoa damu, krimu ya ganzi ipakwe saa nzima kabla. Ikipakwa dakika kumi kabla ya sindano, safari ijayo mgonjwa hashuki kwenye gari.

Halafu kuna pasipoti ya hospitali, ambayo haihusiani na uhamiaji. Ni karatasi yenye rangi za taa za barabarani. Kwenye nyekundu andika mzio, dawa zilizowahi kumdhuru, kifafa, na namna anavyomeza. Usiandike "anakula laini", andika kiwango cha ulaini wa chakula kinachotumiwa hospitalini (IDDSI): 4 ni chakula kilichosagwa kikawa rojo zito lisilo na mabonge, 6 ni laini kilichokatwa vipande visivyozidi sentimita 1.5. Andika pia maumivu yake yanavyoonekana usoni na mikononi. Kurasa chache tu, nesi wa zamu hana muda wa kitabu. Dawa za kifafa zije na maboksi yake, maana chati ya wodi inaweza kuchukua saa kadhaa kuandikwa, na dozi moja ikirukwa degedege hilo.

Wazazi wetu hukwama kwenye sahihi ya kukubali matibabu. "Mimi ndiye mama yake!" Sawa mama, lakini chini ya sheria ya 2005 ya England na Wales kuhusu uwezo wa mtu kujiamulia, mtoto akishakuwa mtu mzima sahihi yako peke yake haitoshi, labda uwe umeteuliwa kisheria. Asipoweza kuamua mwenyewe, daktari huamua kwa maslahi yake, na ni wajibu kukusikiliza inapowezekana. Kwa hiyo usigombanie kalamu. Dai kikao, na uliyosema yaandikwe kwenye faili.

Na wanaojiandaa kuja: "matibabu bure" inalipiwa kwanza. Ada ya afya kwenye viza nyingi ni pauni 1,035 kwa mwaka, mtoto 776, na hukusanywa ya miaka yote kwa mkupuo. Wenye viza ya wahudumu wa afya husamehewa, ila mlango wa walezi kuajiriwa kutoka nje ulifungwa 22 Julai 2025. Wakala anayekuuzia kazi hiyo leo anataka shamba lako.

Ukiwa wodini, omba kuona kama kuna fomu ya kutojaribu kuuamsha moyo ukisimama. Soma mstari wa sababu. Ikiwa imeandikwa "ulemavu wa akili", hiyo si sababu. Mwite daktari mkuu aifute mbele yako.