Kuku ndio walionionyesha mahindi ya nguruwe yalikokuwa yakipotelea

Mwaka wa pili wa kufuga nguruwe hapa Mbozi, kuku wangu waliacha kuzunguka jikoni wakahamia kwenye lundo la samadi. Nikimwaga tu kinyesi cha bandani, wanakimbilia kudonoa. Asubuhi moja nilichota koleo moja, nikatia kwenye chujio kuukuu na kumwagia maji. Yakabaki mahindi ya kujaa kiganja: nusu punje, robo punje, mengine mazima na ganda lake linang'aa. Niliumia sana. Gunia nililonunua kwa pesa ya kahawa lilikuwa linapita tumboni mwa nguruwe na kutoka vilevile lilivyoingia.

Nilikuwa nawapa mahindi ya kuvunjavunja tu, nikiamini meno yao yatamalizia. Lakini nguruwe hacheui kama ng'ombe. Anakula kwa pupa na kumeza. Ganda la punje ni gumu, na ndani yake wanga umebanwa na protini, hasa kwenye yale mahindi ambayo ukiyavunja yanang'aa kama kioo. Vimeng'enya, yaani vile vitu vya mwilini vinavyovunja chakula, huanza kazi nje ya kipande vikielekea ndani, kwa hiyo kipande kikubwa hufika utumbo mpana kabla hakijaisha. Huko bakteria wanakichachusha, nguruwe anaambulia nguvu kidogo, na protini ndiyo imeshampita.

Nikakimbilia upande wa pili. Fundi wa mashine aliniuliza, "Mama, nikufungie chekeche la paraza au la unga?" Paraza ni nafaka iliyosagwa chengachenga. Nikasema la unga, laini kabisa kama wa ugali. Wiki za mwanzo nilifurahi. Chujio lilitoka tupu na kuku wakarudi jikoni. Kisha nguruwe mmoja wa kunenepesha, aliyewatangulia wenzake kwa mwili, akapauka masikio, akawa anatoa kinyesi cheusi kama lami, akafa. Afisa mifugo alimpasua mbele yangu. Tumbo lilijaa damu iliyoganda, na pale umio unapoingilia palikuwa na kidonda. Alinieleza kwamba chakula laini sana hugeuka uji mwepesi tumboni, asidi ikapanda hadi sehemu ile isiyo na ute wa kuikinga. Bado naumia nikikumbuka, maana niliyeagiza ule unga ni mimi.

Sasa nasagisha kwa chekeche lenye matundu ya milimita 3. Kipimo kinachopendekezwa ni chembe za wastani wa maikroni 500 hadi 700, yaani kuzidi nusu milimita kidogo. Kifaa cha kuzipima sina, ila nina vidole: nasugua paraza kiganjani, nataka chengachenga kama mchanga, zenye vumbi kidogo tu. Nafanya hivyo kila debe la kwanza linapotoka, kwa sababu nyundo za mashine zikichakaa au chekeche likitoboka, paraza inabadilika bila mtu kukuambia. Fundi alikuwa akinung'unika. Siku hizi ananiletea kiganja cha paraza mwenyewe.

Kusaga hakutibu kila nafaka. Msimu mmoja nilinunua mtama mwekundu kwa bei nafuu, ule mchungu ambao hata ndege wanauchukia. Tanini, kile kitu kinachouletea uchungu, hushikamana na protini, uusage utakavyo. Nguruwe walikula sana na hawakukua. Mweupe usio mchungu nauchanganya bila wasiwasi.

Soya ndiyo inayonichukua muda zaidi. Ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia kimeng'enya cha kusaga protini, hivyo lazima ipite motoni. Naikaanga kwenye karai kwa moto wa wastani, nikigeuza bila kupumzika, hadi ganda lianze kupasuka na punje niliyoitafuna isiwe na ladha ya maharage mabichi. Hapo naipua papo hapo. Ikiungua, lisini yake, sehemu ya protini ambayo nguruwe anaihitaji ili akue, inaharibika, na lisini ndiyo hasa inayopungua kwenye mahindi. Siku ya kukaanga simwachii mtu karai.