Mapigo ya farasi hayashuki kituoni: jinsi tulivyotatua

Katika safari ndefu za farasi huku Iringa, kipimo cha mapigo cha mkanda kilisoma 58 kwa dakika, daktari wa mifugo kituoni, farasi wanapokaguliwa njiani, akapata 72. Kanuni za FEI (shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi) zinataka 64 au chini ndani ya dakika 15 tangu kuingia kituoni.

Vipimo vilitofautiana kwa sababu mbili. Kwanza, elektrodi (vinasa mapigo vya mkanda) zilikuwa zimekauka na kushika vumbi. Zilowesheni kila kituo. Pili, hesabu ya sekunde 15 mara 4: ukikosea pigo moja, umekosea 4. Sasa stetoskopu huwekwa kushoto, nyuma ya kiwiko, sekunde 30 mara 2. “Dup-dap” ni pigo moja, si mawili (wageni hukwama hapa).

Mapigo yakiwa juu kweli, legeza mkanda wa tandiko, mwagia maji shingoni, kifuani na ndani ya miguu. Upepo wa Juni ukivuma, funika kiuno kwa blanketi, misuli isikaze. Mwenzake asiondolewe, farasi anayemlilia mwenziwe mapigo hayatulii.

Kisha pima, mkimbize mchakamchaka mita 38 kwenda na kurudi, pima tena dakika moja tangu alipoanza. Yakiongezeka kwa 4 au zaidi, tafuta maumivu au upungufu wa maji kabla ya kumruhusu, hata kama bado yako chini ya 64.