Gor Mahia: kabla ya kushangilia majina mapya

Ligi ikiisha, sisi mashabiki wa K'Ogalo, yaani klabu ya soka ya Gor Mahia ya Kenya, hukimbilia majina ya mastraika. Tuanze na mikataba. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi 6 anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine, kisha aondoke bure mkataba ukiisha. Ukingoja ligi iishe ndipo uzungumze naye, umechelewa.

Kinachoumiza zaidi ni mishahara. Asipolipwa miezi 2, mchezaji anaweza kuiandikia klabu kudai haki yake, akiipa angalau siku 15. Zikipita bila pesa kuingia, anavunja mkataba kihalali na kudai fidia. FIFA ikiamua alipwe na klabu ikaendelea kukaa kimya, inaweza kufungiwa usajili hadi madirisha 3 mfululizo, yaani vipindi vya kusajili wachezaji. Hapo straika mpya, hata awe hatari vipi, ataishia mazoezini tu. Viongozi wetu wamalize madeni kwanza, tafadhali!

Anayetoka Uganda au Tanzania anahitaji pia hati ya uhamisho ya kimataifa, inayoombwa mtandaoni kupitia mfumo wa FIFA kabla ya dirisha kufungwa. Mkataba uliokosa sahihi moja unatosha kukwamisha ombi.