Leseni ya kuendesha brekdauni

Vijana wanaofika gereji yetu hapa Dodoma kutafuta kazi kwenye magari ya kuvuta, yale tunayoyaita brekdauni, huuliza kwanza kama leseni ya daraja B inatosha. Haitoshi, kwa sababu daraja hilo haliruhusu magari ya biashara, na gari linalokodishwa kuvuta magari ya watu ni la biashara hata likiwa Canter ndogo.

Daraja D linaruhusu magari ya biashara, isipokuwa mazito na yale ya abiria. Anayebeba magari madogo kwa gari jepesi anaweza kuanzia hapo. Lakini sehemu kubwa ya kazi yetu ni malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo, ambayo hukwama popote kati ya Gairo na Manyoni, na gari lenye uwezo wa kuyavuta nalo ni zito. Hapo linahitajika daraja E. Wapo wanaokimbilia daraja F kwa hoja kwamba brekdauni ni mtambo. Daraja hilo ni la mitambo kama foklifti, na sioni faida ya kwenda kubishana na trafiki barabarani. (Wengi huitaka E kwa sababu nyingine: ukikaa nayo miaka 3 unaweza kuomba daraja C la mabasi makubwa.)

Taratibu nyingine ni zilezile za kila dereva: mafunzo ya chuo, kupimwa na polisi wa usalama barabarani, kisha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kutoa leseni ya miaka 5.

Linalonisumbua ni kwamba katika madaraja yote hayo hakuna linalohusu kazi ya kuvuta. Lori lililoishiwa upepo wa breki hufunga breki za nyuma lenyewe, kwa hiyo ni lazima lipewe upepo kutoka brekdauni au breki zifunguliwe kwa mkono. Likiinuliwa mbele huku magurudumu ya nyuma yakizunguka, propela (mhimili unaounganisha gia boksi na magurudumu ya nyuma) isipofunguliwa, gia boksi huzunguka bila kupata oili ya kutosha na huweza kuungua kabla ya kufika mjini. Uzito unaoning'inia nyuma nao hupunguza uzito wa magurudumu ya mbele ya brekdauni, na usukani huwa mwepesi mno, jambo la hatari kwenye mteremko wa Saranda.

Kwa hiyo kijana akishanionyesha daraja E, humpa spana aingie chini ya lori afungue propela, na utingo haruhusiwi kumsaidia.