Marahaba Isiyokuwa na Shikamoo

Treni ya Bibi iliondoka Syokimau, stesheni ya Nairobi, jana, na tangu nirudi chumbani nimekuwa nikiirudia dakika moja ya Jumapili iliyopita, ile aliyotokeza kwenye mlango wa abiria wanaowasili, kanga ameitanda juu ya sweta ya Baba Mdogo, kikapu mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukipapasa ukuta kana kwamba bado yumo ndani ya behewa. Alikuwa ametoka Ngamiani, Tanga, alfajiri, akapita mpaka wa Horohoro, akavuka kwa feri pale Likoni, akapanda treni ya alasiri kule Miritini, Mombasa, na sasa ilikuwa imeshapita saa mbili ya usiku katika baridi ya Julai. Mimi nilikuwa nimeinamia simu, kwa sababu msimamizi wangu alikuwa amenitumia kurasa 11 za masahihisho siku tatu kabla ya kutetea pendekezo la utafiti wangu. Nikainua kichwa, nikamwona, nikafurahi kwa furaha ya kweli kabisa, na kinywa changu kikatoa maneno haya:

“Sasa, Bibi! Safari ilikuwaje?”

Bibi akanitazama kidogo, kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku, “Marahaba, mume wangu. Safari ilikuwa ya heri.”

Marahaba. Na hakuna aliyemwamkia.

Mkubwa aliyenyimwa salamu ana njia nyingi za kuidai. Mama angeniuliza hapo hapo kama tumelala kitanda kimoja. Baba Mdogo, mnaomfahamu mnajua, angenuna mpaka Jumatano na kumtuma mtoto wa tatu aje kunieleza sababu. Bibi aliitikia salamu ambayo haikutolewa, akanikabidhi kikapu, tukaenda zetu.

Mwanzo nilijifariji kwamba hakusikia vizuri, kwa kuwa stesheni ilikuwa na kelele za magurudumu ya masanduku na madereva wa teksi wanaogombania abiria. Lakini Bibi ni mtu anayesikia nazi ikianguka kwa jirani. Jumatatu nikaamini kwamba ilikuwa kejeli, na kejeli ya watu wa Tanga, kama mnavyojua, haipandishi sauti. Usiku wa siku hiyo, nikiwa nimelala sakafuni kwa sababu kitanda nilimwachia yeye, likanijia wazo baya zaidi: pale stesheni nilikuwa na wenzangu wawili wa chuo waliokuja kunisaidia kubeba mizigo, na huenda Bibi aliona mjukuu wake anaaibika mbele za watu, akanistiri. Wenzangu wale wamekulia hapa Nairobi na hawakuwa hata na habari kwamba palikuwa na jambo la kustiriwa.

Napenda nijitetee kidogo. Mwezi wangu wa kwanza hapa Ngara nilimwamkia shikamoo mama anayeuza sukuma wiki chini ya jengo letu, naye akaweka kisu chini, akaniuliza, “Kwani nakaa mzee?” Wateja wote wakacheka, na tangu siku hiyo nikaanza kuiweka shikamoo mahali ambapo mtu huweka nguo za sikukuu. Kwenye simu na Bibi sijawahi kuikosa hata mara moja. Inawezekana ni kwa sababu ninapompigia simu namwona yuko Tanga, barazani kwake, na mimi mwenyewe nahamia huko kwa dakika hizo tano. Ila alipokuja yeye huku, ulimi wangu ulikuwa wa huku. Utetezi huu nimeupima mara nyingi wiki hii na bado naona una tundu, kwa maana dada yangu Mwanahawa amekaa Muscat miaka sita na hajapata kumsalimia mtu mzima kama konda wa matatu.

Wiki yenyewe ilikwenda mbio. Jumatano nilitetea pendekezo, likapita kwa masharti. Alhamisi tukapata habari kwamba Amina amejifungua mapacha. Na katikati ya hayo yote nilitoka gizani na kurudi gizani, nikimwacha Bibi peke yake katika chumba cha ghorofa ya nne akipambana na jiko la gesi. Maharage yalimshinda. Aliyabandika Jumatatu tangu asubuhi, na niliporudi usiku bado yalikuwa yanagonga meno. Nikamweleza, kwa ule ufundi wa mtu anayejiandaa kutetea utafiti, kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kwamba kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopunguza kuyakandamiza maji, hivyo hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100 kama kwetu pwani, na chakula kinachelewa kulainika hata kama sufuria inatokota vipi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza mwiko.

“Kumbe. Vitu vya huku vinachemka kabla ya kuiva.”

Nilicheka. Ni baadaye, sakafuni tena, ndipo nilipoanza kujiuliza kama alikuwa akizungumzia maharage.

Ijumaa, baada ya swala, nilimpeleka Muthurwa, maana ndiko alikotaka kwenda tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nikimwambia kesho, kesho. Marehemu Babu alikuwa fundi katika karakana ya Reli za Afrika Mashariki, na Bibi alikuja kuolewa katika nyumba za reli za Muthurwa akiwa na miaka 18. Baba yangu alizaliwa Pumwani, hapa hapa Nairobi, jambo ambalo watu humkumbusha kila Taifa Stars inapocheza na Harambee Stars. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli ikagawanywa, mpaka ukafungwa, wao wakarudi Tanga na vyombo walivyoweza kubeba. Mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983, majirani wa Muthurwa walikuwa wamekwisha kutawanyika. Haya yote niliyajua. Nilichokuwa sijakijua ni jinsi Bibi anavyotembea akiwa Nairobi.

Alitembea mbele yangu. Kutoka Msikiti wa Jamia hakutaka matatu. Alishika njia mwenyewe kuelekea Barabara ya Haile Selassie, akaitambua Marikiti kwa harufu ya vitunguu kabla hatujaiona, na tulipofika Muthurwa penyewe, kwenye msongamano wa soko, mikokoteni na utingo wanaoita abiria, akasimama kutafuta mahali palipokuwa na bomba la maji la akina mama. Hakulipata. Sikumwona akihuzunika, alikuwa anahesabu kitu kwa vidole. Kisha akamgeukia kijana muuza viazi, na kutoka kinywani mwa Bibi yangu, mwanamke aliyewahi kunisahihisha ngeli mbele ya mwalimu wangu wa madrasa, nikasikia:

“Wewe kijana, kuja hapa. Hii ni ngapi?”

Kuja hapa! Nadhani nilisimama mdomo wazi, kwa sababu alicheka mpaka akashika mkono wangu. Akanisimulia kwamba waliporudi Tanga, mama mkwe wake alimrekebisha mwaka mzima, “Sema njoo, si kuja,” na kwamba siku moja alimwita bibi kizee wa jirani kwa hiyo “kuja” yake, ikabidi Babu apeleke kilo ya sukari kuomba radhi. Muuza viazi akamwita shosho, yaani bibi, akampunguzia bei, akamwongezea viazi viwili. Tukala mihogo ya kukaanga tumesimama, Bibi akilalamika kwamba pilipili ya huku ni ya watoto. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili sikuwa na simu mkononi, na sikumbuki niliiweka wapi.

Jana stesheni mizigo ilipangwa mstari ili inuswe na mbwa, na Bibi akakivua kikapu chake kitambaa cha juu, akakikunja na kukiweka kifuani, akisema kitambaa hicho anaswalia na mbwa wasikiguse. Askari alimwacha. Nilimsindikiza mpaka walipozuia wasio na tikiti. Nilikuwa nimejipanga tangu usiku, na maneno niliyokuwa nimeyatunga yalikuwa marefu na mazuri, lakini foleni ilikuwa inasukuma, kwa hiyo nikainama tu na kusema, pasipo mahali pake kabisa, kama mtu anayebisha hodi wakati wa kutoka:

“Shikamoo, Bibi.”

Akanipapasa kichwa. “Hiyo nilikwisha kuiitikia Jumapili,” akasema, akaingia.

Kwa hiyo alijua. Nimelala vizuri jana, ila leo asubuhi nimeanza upya kujiuliza: je, maana yake ni kwamba deni limefutwa, au kwamba alinikopesha na jana ndiyo nimelipa? Kama ni mkopo, kuna riba? Mwanahawa, unayesoma haya, mpigie umuulize, ila usiseme ni mimi niliyekutuma. Mtaniwia radhi, najua ni jambo dogo.

Lililo kubwa ni kwamba maji ya jengo letu hufunguliwa Jumatano na Jumamosi, na Jumamosi nzima nilikuwa Syokimau. Nimebakiwa na mtungi mmoja wa lita 20, sufuria ya maharage iliyoungua chini, na mashuka ya kufua.