Jinsi Tulivyoirudisha Barabarani Baiskeli ya Watu Wawili ya Mwaka 1955

Mimi na mume wangu tunaishi Bristol, Uingereza, na baiskeli yetu ya watu wawili tuliinunua kwa mzee mmoja ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kukanyaga pedali. Ni ya kampuni ya Claud Butler ya London, na fremu yake ni ya mabomba ya Reynolds 531, chuma chepesi kilichothaminiwa sana na waendesha baiskeli wa huku tangu kilipotoka mwaka 1935. Umri wake tuliukisia kwenye haba ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu ambamo gia zimo ndani, kwa kuwa kiwanda cha Sturmey-Archer cha Nottingham kilikuwa na desturi ya kugonga mwaka na mwezi kwenye kasha la haba. Nilipofuta matope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa nikasoma AW 55 6: AW ni aina ya haba ya gia tatu, na tarakimu ni Juni 1955.

Mume wangu alitaka tuanze na rangi. Mimi nililelewa Tanga katika kibanda cha baba, fundi baiskeli, nami nilishikilia kwamba chombo kitakachobeba watu wawili kwa mpigo lazima kianze na vile vinavyobeba na vile vinavyosimamisha. Tulianza na krenki, yaani mikono inayoshika pedali. Zimefungwa kwenye ekseli kwa kotapini, pini za chuma zenye upande mmoja bapa, sawa kabisa na zile Phoenix na Raleigh nilizokuwa nikimshikia baba, ila hapa kotapini ni nne badala ya mbili. Kotapini iliyoshika kutu haitolewi kwa kugongagonga, kwa sababu kila pigo dogo linaipinda na kuizidishia ubishi. Niliiwekea mafuta ya kupenya usiku kucha, nikaegemeza krenki juu ya kipande cha bomba kilichosimama sakafuni ili nguvu isiishie kwenye gololi, nikarudisha nati hadi ikalingana na ncha ya pini, kisha nikapiga pigo moja zito. Pini mpya za milimita 9.5 nilizipiga tupa upande wa bapa, kidogo kidogo, nikizijaribu kila mara hadi bapa lote likaligusa ekseli. Pini za krenki mbili za ekseli moja huingizwa kwa kupishana, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini, la sivyo pedali hazitakaa mkabala.

Kinachoitofautisha baiskeli hii na nyingine ni mnyororo wa kushoto, unaounganisha krenki za mbele na za nyuma. Hauna mahali pa kukazwa kwa kusogeza gurudumu, kwa hiyo ekseli ya krenki za mbele imepitishwa ndani ya kipande kizito cha duara ambacho tundu lake halipo katikati. Ukikilegeza na kukizungusha, ekseli husogea mbele au nyuma, na mnyororo hukaza au kulegea. Tuliuacha ucheze kiasi cha sentimita moja katikati, baada ya kuzungusha krenki mzunguko mzima na kutafuta mahali unapokaza zaidi.

Haba ya gia tatu niliifungua mwenyewe. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi kwenye meno madogo yaliyo ndani, lakini chuma chenyewe kilikuwa kizima, na baada ya kuoshwa kwa mafuta ya taa na kupewa mafuta mepesi, gia zote tatu zilirudi. Rimu ya nyuma ina spoki 40, na kuzikaza zote hadi rimu ikazunguka bila kuyumba ni kazi aliyoifanya mume wangu kwa subira ninayomheshimu hadi leo. Breki ya mbele ni ya ngoma, yaani hubana kutoka ndani ya haba. Hapo nawasihi wenzangu wasipulize vumbi lake, kwa sababu breki za miaka ile mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ikiingia mapafuni haitoki. Tulifuta kwa kitambaa kilicholowa tukiwa tumevaa barakoa, tukaweka bitana mpya, yaani vile vipande vinavyosuguana na ngoma. Kuhusu tairi, zetu ni inchi 26 kwa 1⅜, ambazo hukaa kwenye rimu ya milimita 590. Tairi za baiskeli za milimani nazo huitwa inchi 26, lakini zinakaa kwenye rimu ya milimita 559, hivyo zisinunuliwe kwa jina pekee.

Rangi ya asili, buluu iliyofifia, tuliiacha. Tulisugua kutu kwa msasa laini na kupaka nta.

Kuendesha nako kulihitaji kujifunza. Mume wangu ni mzito kunizidi, kwa hiyo hukaa mbele. Wakati wa kuondoka yeye husimama ameipanua miguu na kushika breki zote, mimi napanda, naweka miguu yote miwili kwenye pedali, nazirudisha nyuma hadi ya kwake ifike juu kidogo ya usawa, kisha nasema, “Twende.” Tukisimama kwenye taa, sishuki. Haba ya Sturmey-Archer haikubali kubadilishwa gia huku imekanyagwa kwa nguvu, na mtu mmoja akilegeza miguu peke yake haisaidii, kwa hiyo yeye husema “legeza,” tunalegeza pamoja, gia inaingia, tunaendelea. Pia husema “shimo,” kwa maana mimi mbele yangu naona mgongo wake tu.

Njia tunayoipenda ni ile ya Bristol hadi Bath, kilomita 21 juu ya tuta la reli ya zamani, iliyojengwa kati ya 1979 na 1986 kwa ajili ya waendesha baiskeli na waendao kwa miguu. Inapanda polepole hadi kwenye handaki la Staple Hill, na mwinuko huo ndio unaoonyesha uzito wetu, kwani kupanda tunapitwa na kila mtu. Tukifika upande wa pili tunashuka kwa kasi, uzito wa wawili ukisukuma dhidi ya upepo unaompiga mmoja. Tukifika Bath, kabla ya chai, natoa spana na kukaza tena nati za kotapini, kwa sababu pini mpya hulegea kidogo katika safari za mwanzo.